Mjadala: Watoto wa gredi ya tano wapimwe kabla panga halijawafikia?

Mama wa Mtopanga
Assalaam alaykum jamani. Kwenye kikao cha wazazi huku kwetu Mombasa limetolewa wazo, nami nataka tulijadili wazi. Mwalimu ajaze fomu ya kila mtoto wa gredi ya tano. Anatoroka shule? Ana kaka aliyeingia genge? Nyumbani wanalala njaa? Ameshaonja muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya? Atakayeonekana yuko hatarini afuatwe mapema, kabla maskani ya magenge hayajamchukua.

Mimi naunga mkono. Nimezaliwa Kisauni, nimeona vitoto vya miaka kumi na tatu vikikimbia na mapanga magharibi, maduka yakifungwa kabla ya isha. Na tulikuwa tukiwajua! Yule aliyeacha chuo cha Kurani, yule aliyelala kwenye baraza za watu. Mtaa mzima ulinyamaza hadi polisi nao wakamjua. Los Angeles wana mpango wa namna hii: watoto wa miaka 10 hadi 14 huulizwa kuhusu mienendo, marafiki na nyumbani kwao, na walio hatarini zaidi hupewa wa kuwashika mkono pamoja na familia zao. Sisi tunangoja nini?

Kijana wa Majengo
Shikamoo mama. Uchungu wako naujua, lakini hiyo fomu mwisho wake ni wapi? Mimi nilibebwa kwenye msako nikiwa na miaka 16, nikaachiliwa bila shtaka. Mpaka leo nikienda polisi kuomba cheti cha tabia njema moyo hunidunda. Sasa mtoto wa miaka kumi, hajamkosea mtu, jina lishaandikwa?

Polisi wa Chicago walianza orodha kama hiyo 2013, kompyuta ikipiga hesabu nani yuko karibu kupiga risasi au kupigwa. Watafiti walipoichunguza mwanzo wake wakakuta walioandikwa hawakuepushwa na risasi, ila walikamatwa zaidi kwa kesi za risasi. Ikaachwa 2019. Huku kwetu msako ukiingia hubebwa kila aliyeketi barazani. Wakishapewa majina je?

Likoni Feri
Swali moja tu. Mtoto wa shule ya kulipia kule Nyali naye atajaziwa fomu, ama ni sisi peke yetu?

Mwalimu wa Bamburi
Hilo la Nyali ni la haki. Muguka haiulizi karo.

Mwanangu wa Majengo, umesema kweli, na sheria iko upande wako. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kutiwa hatiani kwa jinai, kwa hiyo polisi hawana shughuli na gredi ya tano. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inataka idhini ya mzazi kwanza. Ila mimi fomu yenyewe hainitishi sana. Nipe kalamu sasa hivi nikuandikie majina matano bila fomu yoyote. Kinachonikosesha usingizi ni kile tutakachowafanyia hao watano.

Marekani, jimbo la Massachusetts, mwaka 1939 walianza mpango wa kuwazuia wavulana wasiingie kwenye uhalifu, na waliokuja kulinganishwa ni 506. Nusu yao walipewa washauri wa kuwatembelea nyumbani, masomo ya ziada, kambi za likizo, kwa wastani wa miaka mitano. Nia safi kabisa. Miaka thelathini baadaye mtafiti Joan McCord akawafuatilia: waliosaidiwa walikuwa wameharibikiwa kuliko wasiosaidiwa, kwa pombe, kwa kurudia makosa, hata kwa kufa mapema. Baadaye uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye kambi: madhara yalionekana kwa waliopelekwa zaidi ya mara moja. Inadhaniwa wavulana waliokusanywa pamoja walifundishana.

Kwa hiyo mkiniletea mradi wa kuwapeleka "watoto wa hatari" kambini, nitaukataa. Mtundu mmoja mtie kwenye timu ya mpira yenye watulivu kumi, atanyooka. Wakusanye watundu kumi, umefungua maskani nyingine kwa pesa za wafadhili.

Kijana wa Majengo
Hapo mwalimu umenena. Mimi aliyeniokoa ni fundi wa gereji aliyenipa spana, na hakuwahi kuniuliza nilitoka genge gani.

Mama wa Mtopanga
Nimewasikia wote. Basi fomu ibaki kwa mwalimu, mzazi atie sahihi, ichanwe mwaka ukiisha, na polisi wala chifu wasiione. Kambi nazo tuziache. Lakini kunyamaza sikubali, maana tulinyamaza na tukazika.

Hapa mtaani kwangu yuko mmoja wa miaka kumi na moja, shule hajakanyaga tangu Ramadhani, analelewa na nyanya yake. Kesho baada ya alasiri nakwenda kwa bibi huyo. Wewe kijana wa Majengo, njoo twende sote. Mimi atanikimbia, wewe huenda akakusikiliza.

Kijana wa Majengo
Nitakuja, mama. Nambie tukutane wapi.