Walimu wagome au wavumilie?

Mwalimu wa Bahi: Wakuu, nauliza bila kuzunguka. Nafundisha darasa la tatu, watoto 118 chumba kimoja, wakati uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wanamiminika, na kusoma ni haki yao, ila walimu tumebaki wale wale. Madaftari ya hisabati peke yake nasahihisha mpaka saa nne usiku. Malimbikizo ya kupandishwa daraja nimeyafuatilia hadi nauli ya kwenda mjini imeniishia. Tukigoma tutakuwa tumekosea?

Mzazi Nkuhungu: Mtakuwa mmekosea. Mgomo ule wa 2011 binti yangu alikuwa darasa la saba. Watoto walishinda wanaruka kamba na mtihani wa taifa uko mlangoni. Yeye aliwakosea nini? Halafu anzeni kwanza kuacha kuuza ubuyu darasani, mshahara tutaongea baadaye.

Ticha Kongwa: Ni 2012, mzazi. Ulianza Jumatatu ya Julai 30, Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kikidai nyongeza ya asilimia 100, na Agosti 2 Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikausimamisha. Siku nne haziwezi kufuta miaka saba ya kumfundisha mtoto. Na hilo la ubuyu umenitukania mama. Alikuwa mwalimu Mpwapwa, akauza ubuyu na maandazi, na ndivyo vilivyoninunulia viatu vya shule.

Mzazi Nkuhungu: Mama yako sijamtukana, nisamehe kama umesikia hivyo. Ila mwanangu wa pili alipokuwa msingi alirudi analia. Namuuliza kulikoni, ananiambia, "Mama, leo sijaitwa kujibu maana sijanunua." Mia mbili tu! Hilo siwezi kulisahau.

Mpenda Sheria: Turudi kwenye swali jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi haki ya kugoma, kwa masharti. Ualimu haumo kwenye orodha ya huduma muhimu kama maji, umeme na afya. Kinachobaki ni kama masharti yamefuatwa.

Ticha Kongwa: Sheria baadaye, kaka. Mzazi, mwalimu anayembagua mtoto kwa mia mbili hata mimi nampinga, tena hadharani. Lakini sikia na upande wetu. Kabla sijaugusa mshahara, bodi ya mikopo imeshachukua asilimia 15, mfuko wa pensheni PSSSF 5, bima 3, chama 2, na kodi yake. Wenzangu wangapi wameingia mikopo ya kausha damu, kadi ya benki inalala kwa mkopeshaji? Mtu huyo usipomwacha auze ubuyu atauza nini?

Mkazi Area C: Sasa Mei Mosi 2025 pale Singida Rais si alitangaza asilimia 35.1? Mnalia nini tena?

Mwalimu wa Bahi: Hiyo ilikuwa ya kima cha chini cha mtumishi wa umma, kutoka 370,000 kwenda 500,000. Mwalimu haanzii pale, kwa hiyo msituhesabie 35.1 yote.

Nipo Mtaani: Nina shahada ya ualimu tangu 2018, nauza vifaa vya simu stendi ya Nanenane. Mnaotaka kugoma tokeni, tupo wengi wa kushika chaki.

Mwalimu wa Bahi: Mdogo wangu, mimi nikitoka leo darasa lile litabaki na watoto 118 na wewe peke yako. Lina nafasi yangu, yako, na ya mwingine juu.

Nipo Mtaani: Nimeomba ajira mara nne. Na usiniite mdogo wako, hunijui.

Mwalimu wa Bahi: Samahani, ndugu. Mara nne si mchezo, pole sana.

Mama wa Jumla Majengo: Mimi ndiye ninayewauzia walimu huo ubuyu mnaougombania. Wanachukua mali kauli kuanzia tarehe kumi, wanalipa mshahara ukitoka. Kuna mmoja wa fizikia, deni lake liko kwenye daftari langu tangu Januari. Sijamdai kwa sauti hata siku moja, maana jioni anawafundisha watoto wa mtaani kwetu, na wangu yumo, hachukui hata senti. Mzazi Nkuhungu, huyo wa pili yuko darasa la ngapi sasa?

Mpenda Sheria: Swali lilikuwa mgomo.

Mzazi Nkuhungu: Yuko kidato cha tatu, dada, amechagua sayansi. Fizikia hawana mwalimu tangu mwaka jana. Huyo wa jioni anafundishia wapi?