Kuku 15, banda la tayari au nijenge?

MamaZai_Goba: Habari za leo wakuu. Nina kuku wa kienyeji 15, mitetea 13 na majogoo wawili. Nipo Goba, Dar es Salaam. Mpaka juzi walikuwa wanalala stoo ya mkaa, sasa baba watoto amegoma, anasema harufu inafika sebuleni. Kuna fundi kandokando ya barabara anauza mabanda ya mbao ya ghorofa mbili, yamepakwa kijani, yanapendeza kweli. Anasema moja linaingiza kuku 20. Nimelipima kwa utepe wangu wa cherehani: futi 4 kwa 3. Bajeti laki tatu. Ninunue, au nitafute mtu anijengee nyuma ya nyumba?

Mzee wa Mabanzi: Dada, piga hesabu kabla hujapenda rangi. Futi 4 kwa 3 ni mita moja ya mraba na kidogo. Kuku wa kienyeji anayeshinda nje na kurudi kulala tu, mita moja hawazidi wanne, watano. Ghorofa zote mbili ni kuku kumi, na hapo hujaweka kiota. Wakibanana wanadonoana na kula mayai, na asubuhi ukifungua mlango macho yanakuwasha kwa harufu ya kinyesi.

Jenga mita 2 kwa 2.5. Mirunda ya nguzo, mabanzi, bati nne za futi 10. Chini ya nguzo paka oili chafu, mchwa wa huko hawana mswalie mtume. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lipige kwenye ncha tu. Mabanzi yapande futi mbili na nusu, juu yake wavu mpaka kwenye bati, upepo wa kaskazi na wa kusi upite. Upande wa kusi shonea viroba vya kuteremsha masika ikianza.

Jogoo la Shamba: Majogoo wawili kwa mitetea 13 wa nini? Mmoja anatosha. Mwingine mwambie Idi inakuja.

Nimeshalizwa: Mimi kilichonitia hasara ni wavu. Nilinunua ule laini wa matundu ya pembe sita kwa sababu ni wa bei rahisi. Siku moja alfajiri nakuta kuku saba wamelala chini, miili mizima, vichwa hakuna. Mlango umefungwa vilevile. Kicheche hakuingia ndani hata kidogo! Kuku walilala wameegemea wavu, akawa anavuta vichwa kwa nje, mmoja mmoja. Chukua ule mgumu wa vitundu vidogo vya mraba, wanauita wavu wa kahawa. Ukipitisha kidole gumba kikapita, urudishe dukani. Na ufukie wavu shubiri mbili chini ya ukuta, anachimba yule. Kufuli usisahau, kuna vicheche vya miguu miwili pia.

MamaZai_Goba: Mungu wangu, vichwa! Asanteni. Sakafu je? Chini pangu maji yanapita mvua ikinyesha.

Mzee wa Mabanzi: Basi inua. Futi tatu kutoka ardhini, sakafu ya fito zenye nafasi ya upana wa kidole, kinyesi kidondoke chini. Unakikusanya, unatupia kwenye mchicha.

AfisaUgani_Mstaafu: Mimi napenda sakafu ya saruji na maranda, vifaranga hawanasi miguu. Ila kama maji yanapita, mzee yuko sahihi. Maranda yakilowa ni kukaribisha kuhara damu. Sehemu ya vifaranga itandike mkeka wa zamani.

Vichanja vya kulalia viwe juu kuliko viota, la sivyo watalala kwenye viota na utaokota mayai yamepakaa kinyesi. Tumia fito nene kama mpini wa jembe, kila kuku sentimita 20. Kwako fito mbili za mita 2 zinatosha. Zisikae moja juu ya nyingine, wa chini ataamka amechafuliwa. Viota vitatu, sentimita 30 kila upande, kwenye kona yenye giza. Nyufa za mbao zikague usiku kwa tochi, utitiri mchana unajificha humo.

Halafu banda zuri halizuii kideri, ule ugonjwa wa mdondo. Chanjo yake, I-2, inatengenezwa hapa hapa Kibaha, tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Usichanje aliyekwisha kuugua. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako, changieni na majirani.

MamaZai_Goba: Wiki tatu baadaye, narudisha mrejesho. Banda limesimama, limeinuliwa, wavu wa kahawa. Laki tatu haikutosha, niliongezea hela ya kikoba na baba watoto akapigilia bati mwenyewe. Tatizo: jioni ya kwanza wote walirudi mlangoni pa stoo ya mkaa, wamejipanga kama wanangoja daladala.

AfisaUgani_Mstaafu: Wafungie humo siku tatu, maji na chakula ndani. Watapajua kwao.

MamaZai_Goba: Nimefanya hivyo, kumi na wanne wanaingia wenyewe kabla ya magharibi. Mmoja, kishingo yule asiye na manyoya shingoni, yuko juu ya mwembe wa jirani. Nipandie ngazi au?

Jogoo la Shamba: Subiri giza, huwa haoni. Na jirani umwombe kabla.