Naomba ushauri: siku moja Riga na mama mzazi, tuanzie wapi?

Mjukuu wa Usambara
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao mama anakuja kunitembelea huku Ujerumani, nami nataka nimpeleke Riga, mji mkuu wa Latvia. Ni mwalimu mstaafu wa historia, kwa hiyo picha tu hazimtoshi. Atataka kujua nani alijenga na kwa nini. Tuna siku moja. Magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi. Halafu hiyo Nyumba ya Vichwa Vyeusi inayosifiwa sana, nasikia ni jengo la juzi tu. Inafaa kupotezea muda?

Baharia Mstaafu
Karibuni sana. Anzeni Kanisa la Mtakatifu Petro asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mnara wake uliungua vitani mwaka 1941, na walipoujenga upya kwa chuma wakaweka lifti, kwa hiyo mama atafika mita 72 juu bila kuumia. Kutoka pale mji unajieleza wenyewe. Mwonyeshe mto Daugava. Askofu Albert, Mjerumani, alianzisha mji pale mwaka 1201, na 1282 ukaingia katika Hansa, umoja wa miji ya wafanyabiashara. Nta, manyoya na kitani vilishuka na mto kutoka bara, vikapakiwa kwenye meli kwenda magharibi. Baadaye Waswidi waliuteka, 1621, kisha Warusi wa Petro Mkuu, 1710. Kila aliyeutaka mji alikuwa anaitaka bandari.

Dada Zawadi
Kaka, Vichwa Vyeusi usiiruke! Ni kweli jengo la sasa lilikamilika 1999. La zamani lilipigwa mabomu 1941, na mwaka 1948 utawala wa Kisovieti ukabomoa magofu yaliyobaki. Lakini wenyeji kulirudisha ni historia tosha. Lilikuwa la chama cha wafanyabiashara vijana, wengi wageni wasiooa, na mtakatifu wao alikuwa Maurice, askari wa Kirumi aliyetoka Misri, ambaye Wajerumani walizoea kumchora kama Mwafrika. Ndicho kichwa kilichopo kwenye nembo yao. Mpe mama nafasi asimame pale atakavyo.

Msoma Magazeti
Natofautiana kidogo na waliotangulia. Mkimaliza siku nzima ndani ya mji wa kale, mtaondoka mkiijua Riga ya Wajerumani, lakini Walatvia wenyewe mtakuwa hamjawaona. Nendeni Mnara wa Uhuru: mita 42, ulizinduliwa 1935, umejengwa kwa michango ya wananchi. Mwanamke wa juu ameinua nyota tatu. Nchi ilipokuwa chini ya Wasovieti, kuweka maua pale kungeweza kukupeleka jela. Tarehe 23 Agosti 1989 watu walishikana mikono kutoka Tallinn, Estonia, kupitia Riga, hadi Vilnius, Lithuania, wakidai uhuru. Jumba la Kona, mtaa wa Brīvības, lilikuwa makao ya KGB, idara ya usalama ya Wasovieti. Mwulize mama kwanza kama yuko tayari, maana vyumba vya mahabusu vinaumiza moyo. Na msisahau Rumbula, pembezoni mwa mji. Wayahudi wapatao 25,000 waliuawa huko na Wanazi kwa siku mbili, 30 Novemba na 8 Desemba 1941.

Mjukuu wa Usambara
Asanteni mno. Jumba la Kona najua atalitaka. Chakula je? Na mtaa wa Alberta?

Dada Zawadi
Chakula ni Soko Kuu, mtalifikia kwa miguu. Mabanda yake matano yalijengwa kwa vyuma vya mabanda ya zepelini (ndege puto kubwa) za jeshi la Ujerumani, soko likafunguliwa 1930. Banda la samaki ndilo langu: samaki wa kukaushwa kwa moshi, na mkate wao mweusi. Alberta mwende kwa teksi alasiri. Nyumba nyingi pale alizichora Mikhail Eisenstein, zimejaa nyuso na simba ukutani, na zinatazamwa kutoka barabarani, hakuna ngazi.

Baharia Mstaafu
Nyongeza: mji wa kale umetandikwa mawe, na mvua ikinyesha yanateleza. Mama avae viatu bapa vyenye soli ya mpira, na umshike mkono.