Tupeane uzoefu: Umewezaje kutengeneza muziki kwa kompyuta yenye nguvu ndogo?

Mwanzisha mada, Uyole, Mbeya

Ndugu zangu, habari za majukumu. Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikirekodi kwaya na wasanii chipukizi katika chumba kimoja cha nyumbani kwangu, kwa kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye prosesa ya viini viwili na RAM ya GB 4. Najua wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tunafanya kazi kwa mashine za namna hiyo, kwa hiyo ninaomba kila mmoja aeleze jambo lililomkuta yeye mwenyewe na namna alivyolitatua. Naanza mimi.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya kwaya. Nilirekodi sauti nne, kila sauti mara tatu, nikapata traki 12, yaani njia 12 za sauti zilizorekodiwa, za waimbaji, nami kwa kutaka zisikike kama zimeimbwa kanisani nikaweka plagini (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya ile ya kurekodia) ya mwangwi kwenye kila traki. Tulipofika ubeti wa tatu, spika zikaanza kutoa mikwaruzo, na maneno yakawa yanakatikakatika. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekaa nyuma yangu na daftari lake la noti, akaanza kuzungushia kalamu mahali alipodhani watu wake wa sauti ya tatu wamekosea, mpaka nilipomwambia, "Mwalimu, waache hao, hawana kosa, ni mashine imeelemewa."

Fundi mmoja alinishauri niongeze RAM. Niliongeza, fedha ikaenda, mikwaruzo ikabaki palepale, kwa sababu RAM inasaidia pale unapopakia vinanda vya kompyuta vyenye vipande vingi vya sauti zilizorekodiwa, lakini kazi ya kukokotoa mwangwi ni ya prosesa. Kilichonitoa ni kufuta miangwi yote 12 na kutengeneza chaneli moja yenye mwangwi mmoja, kisha kila traki ikawa inatuma humo kiasi chake. Mikwaruzo ilikoma siku hiyohiyo, na waimbaji wakasikika wamesimama ndani ya jengo moja, jambo ambalo ile miangwi 12 haikuwahi kunipa.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba prosesa inafanya kazi kwa kudaiwa muda. Tukirekodi kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na bafa, yaani idadi ya sampuli katika fungu moja, ikiwa 256, mashine ina takribani milisekunde 6 tu za kukamilisha kila fungu la sauti. Bafa ikiwa 1,024 inapata takribani milisekunde 23. Ikichelewa, pengo lile ndilo masikio yanalolisikia kama mkwaruzo. Ndiyo maana ninaporekodi hushusha bafa, ili mwimbaji asijisikie kwa kuchelewa kwenye hedifoni, na wakati huo traki huwa hazina plagini karibu yoyote. Nikianza kumiksi naipandisha hadi mwisho, kwa kuwa hapo hakuna anayeimba.

Mchangiaji, Kihesa, Iringa

Asante kaka kwa kufungua mada hii. Mimi natengeneza biti za bongo fleva kwa programu ya FL Studio, na mzigo wangu mkubwa ni sinthesaiza, yaani plagini inayotengeneza sauti za ala yenyewe. Kuna wimbo mmoja niliweka sauti nene ya kiitikio, sinthesaiza ikiwa imepangwa ili kila noti itoe sauti saba kwa pamoja, nami nikapiga kodi za noti nne. Hizo ni sauti 28 kwa wakati mmoja, na kwa kuwa noti zilikuwa na mkia mrefu, kodi ya pili ilianza kabla ya ile ya kwanza kunyamaza. Kompyuta ilisimama kabisa, msanii akiwa amesimama mbele ya maikrofoni.

Tangu hapo, sauti ya sinthesaiza nikishairidhia naigeuza kuwa faili la sauti na kuizima ile plagini. Kucheza faili ni kazi nyepesi mno kwa prosesa ikilinganishwa na kuitengeneza sauti ileile upya kila unapobonyeza kitufe cha kucheza. Ila nawasihi msifute noti za awali. Niliwahi kuzifuta, msanii akarudi baada ya wiki moja akiomba wimbo ushuke nusu toni kwa ajili ya koo lake, nikalazimika kuzipiga zote upya usiku kucha. Sasa kila kabla ya kugeuza naihifadhi nakala ya mradi mzima na kuiandikia tarehe.

Mchangiaji, Njombe

Wapendwa, langu ni fupi. Natumia kompyuta mpakato, na kwa baridi ya huku mwezi wa saba nilizoea kufanya kazi kitandani nikiwa nimeipakata juu ya blanketi. Miradi iliyokuwa ikicheza vizuri mchana ilianza kukwama usiku, nami nikawa nalaumu programu. Siku moja niliinyanyua, nikakuta blanketi limeziba matundu yote ya hewa na chini pamekuwa pa moto kiasi cha kutoshikika. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Niliihamishia juu ya ubao, nikasafisha vumbi kwenye feni kwa brashi laini ya rangi, na kukwama kukaisha. Umeme ukikatika pia mashine hupunguza kasi ili kutunza betri, hivyo wakati huo naandika mashairi tu.

Mchangiaji, Mafinga

Naomba msaada, maana shida yangu siielewi. Kipimo kinaonyesha prosesa imetumika asilimia 45 tu, lakini sauti inakatika. Bafa ni 1,024, na traki ziko tisa.

Mchangiaji, Kihesa, Iringa

Ndugu wa Mafinga, kipimo hicho huenda kinakupa wastani wa viini vyote. Plagini zilizopangwa mfululizo kwenye chaneli moja haziwezi kugawanwa kirahisi, kwa sababu ya pili inasubiri kazi ya ya kwanza, kwa hiyo kiini kimoja kinaweza kuzidiwa wakati vingine vimepumzika. Tazama chaneli ya masta, maana sauti zote zinapita hapo. Umeweka nini?

Mchangiaji, Mafinga

Zipo sita: ikwalaiza mbili, kompresa, ya kutanua sauti, ya kuongeza ukali, na limita (ya kuzuia sauti isipite kiwango) iliyowekwa ikokotoe kwa mara nane.

Mwanzisha mada, Uyole, Mbeya

Hiyo mara nane ina maana limita yako inakokotoa sampuli 352,800 kila sekunde badala ya 44,100. Zima zote sita wakati wa kumiksi. Ukimaliza, toa miksi kama faili moja, kisha fungua mradi mpya wenye faili hilo peke yake, na plagini za masta uziweke humo.

Mchangiaji, Mafinga

Nimerudi baada ya siku mbili. Nilizima zote, wimbo ukacheza mwanzo hadi mwisho bila mkwaruzo hata mmoja. Nilipozizima niligundua pia kwamba besi ilikuwa imezidi na limita ndiyo iliyokuwa ikiificha, hivyo nimeanza miksi upya.