Naomba ushauri: vijana wangu wananiiga hadi makosa

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Kizota hapa Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku, kazi za mageti na madirisha hazikatiki, na sasa nina vijana watatu wanaojifunza kwangu. Mdogo wao ana miaka 18. Mama yake alimleta mwenyewe akaniambia, "Fundi, huyu sasa ni mwanao."

Wiki iliyopita usiku mama huyo alinipigia simu analia. Kijana macho yamevimba, machozi hayakauki, anasema ni kama yamejaa mchanga. Ule mwanga wa kuchomelea hauumi papo hapo, unakuja kukukamata saa kadhaa baadaye. Ngao ya uso ipo, imening'inia ukutani, kwa sababu mimi mwenyewe nikiwa na haraka huwa nafumba macho tu. Nilipomuuliza kwa nini hakuivaa, akanijibu kwa upole, "Bosi, mbona na wewe huvai?"

Sikuwa na jibu.

Namshukuru Mungu ametibiwa na anaona vizuri. Lakini roho inaniuma. Mwingine naye ameanza kuvuta sigara, na anaishika vilevile ninavyoishika mimi.

Naombeni ushauri, hasa mlio na vijana kazini. Niwaite wote niwaombe radhi waziwazi, au nibadilike kimya kimya waone wenyewe? Nahofia heshima ikishuka hawatanisikiliza tena. Na aliyewahi kuacha sigara, ulianzaje? Mimi nina miaka 12 nayo.