Mnaokota msuko wa watu, mnaubatiza upya, halafu mnaufundisha vibaya!

Wakuu, hii tabia ya mainfluensa wa Marekani kuchukua urembo wa mtu mweusi na kuuleta kama ugunduzi wao imezidi.

Mistari miwili ya kurudi nyuma, ambayo Bongo mtoto wa shule anaijua kama twende kilioni, mwaka 2016 wenzetu waliibatiza "boxer braids". Ya mabondia! Januari 2018 Kim Kardashian akajitokeza na misuko ya Wafulani wa Afrika Magharibi, shanga na kila kitu, akaiita "Bo Derek braids". Wafulani wakafutwa, akabaki mwigizaji mzungu aliyesukwa kwa ajili ya filamu ya 1979.

Na wakifundisha wanaboronga. Video zinadai mistari ni msuko wa Kifaransa uliobanwa. Uongo. Kwenye msuko wa Kifaransa mafungu ya pembeni hupita juu ya lile la kati, msuko unazama. Mstari ni kinyume: ya pembeni yanapita chini, na kila mzunguko unaokota nywele kidogo kutoka kwenye ngozi, ndiyo maana unasimama kama tuta. Nywele za kipilipili hushikana zenyewe. Nywele laini huteleza, basi wanamwaga jeli na kuvuta, na mvuto wote unaishia kwenye mizizi ya paji la uso. Vipele vikitokea pembezoni, hapo ni kufumua, si kupaka mafuta na kuvumilia. Ukizoea kuvuta hivyo, nywele za mbele hunyonyoka, na kovu likishaingia kwenye mzizi hazioti tena. Hilo kwenye video hulisikii, unasikia namba ya kupata punguzo la jeli tu.

Mtasema jina lina shida gani. Mwaka 1981 Renee Rogers, mfanyakazi mweusi wa American Airlines, alikuwa mahakamani New York kwa sababu kampuni ilimkataza mistari kazini. Kampuni ikajitetea kwamba alianza kuisuka muda mfupi baada ya Bo Derek kuipa umaarufu, na hoja hiyo ikaandikwa kwenye uamuzi. Dai lake la nywele likatupwa. Aliruhusiwa kuifunga na kuifunika kwa nywele za bandia akiwa kazini. Ilipoelezwa kwamba zinamuumiza kichwa, jaji akaona dawa ni za bandia kubwa zaidi. Someni tena hapo.

California ilipata sheria ya kulinda misuko na dredi kazini na shuleni mwaka 2019, na ndilo lilikuwa jimbo la kwanza. Muswada wa nchi nzima ulipita Baraza la Wawakilishi Machi 2022, ukakwama Seneti. Muda wote huo msuko uleule kichwani kwa influensa ni tangazo la kulipwa.

Anayeshuka kwenye komenti na "ni nywele tu jamani", aanze na huyo dada wa 1981.