Fundi kaniunguzia altaneta, halafu kaniuzia betri nisiyoihitaji

Wakuu, nimevumilia wiki nzima, leo nasema.

Ijumaa ile mvua ilipiga Mwanza mchana kutwa. Natoka mjini kurudi Igoma, nafika Mabatini nakuta Mto Mirongo umeshapanda barabarani. Nyuma foleni, kugeuza haiwezekani. Nikapita gia ya kwanza, maji yanagonga bampa. Injini haikuzima.

Kesho yake belti inalia, na kabla sijafika Buzuruga taa nyekundu ya betri ikaanza kuwaka na kuzimika. Kwenye gari yangu altaneta, ile mashine inayochaji betri, imekaa chini, pale pale maji yalipofika. Nikaingia gereji, nikamweleza fundi yote: maji, tope, belti.

Hakushika hata mita ya kupimia volti. Gari inaunguruma, akachomoa terminali ya betri! Eti ikizima altaneta imekufa, isipozima ni nzima. Taa za mbele zikang'aa ghafla, taa zote za dashibodi zikawaka. Haikuzima, basi akasema altaneta haina shida, betri ndiyo mbovu. Nikatoa 160,000.

Wakuu, mchezo huu uachwe! Betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiitoa injini ikizunguka, volti zinaruka na zinaweza kuunguza regyuleta (inayodhibiti volti za altaneta) na daiodi zake, hata kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, inaweza kwenda. Halafu vijana wanaojifunza kazi wamesimama pale wanatazama, kesho na wao watafanya hivyo hivyo kwenye gari ya mtu mwingine.

Siku ya pili betri mpya imekufa. Mzee mmoja fundi umeme pale Nyakato akapima gari ikiwa imewaka: volti 11.9, wakati inatakiwa kama 13.8 hadi 14.4. Akafungua altaneta mbele yangu. Tope limekauka ndani, kaboni moja, kipande kinachopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka, imekwama, ndiyo maana ilikuwa inachaji na kuacha. Na regyuleta imeungua, inanuka kabisa. Kuosha na kubadili kaboni ingekuwa 35,000. Sasa na regyuleta, 110,000.

Betri yangu ya zamani ilikuwa na miezi mitano tu. Nimeifuata, fundi anasema ameshaiuza skrepa. Ameiuza kwa ruhusa ya nani?

Regyuleta iliyoungua ninayo, na mzee amekubali kwenda nami kueleza alichokikuta. Aliyewahi kumdai fundi akalipwa aniambie: naanzia serikali ya mtaa au naenda polisi moja kwa moja?